Macho ya Wenzetu

Ndugu wanachama, na ninyi majirani mliokuwa nasi tangu tulipokuwa tunakalia matofali: katika kijitabu hiki cha miaka kumi mtakuta hesabu za hisa, picha za sherehe na majina ya viongozi wa kila mzunguko. Sisi tuliopewa kurasa za historia tumeona tuandike jambo lisiloonekana kwenye daftari la mhasibu, nalo ni namna mtu anavyobadilika akishaingia kikundini. Mwanamke yule yule, fedha zile zile, lakini akiwa peke yake anaamua hivi, na akikaa na wenzake anaamua vile.

Tuanze na upatu, maana ndio mama wa vikundi hivi vyote. Kwa hesabu kavu upatu hauna faida. Unatoa elfu kumi kila wiki, zamu yako ikifika unapewa zile zile zako, hakuna hata senti iliyozaa. Basi kwa nini mtu asiziweke nyumbani? Jibu kila mama analo. Fedha ya nyumbani ina wenyewe wengi: mtoto kaamka na homa, shemeji kapita anaomba nauli, mume kaona noti zinachungulia chini ya godoro. Mwaka 2002 watafiti wawili, Siwan Anderson na Jean-Marie Baland, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa Kibera, Nairobi. Walieleza kwamba wanawake wenye waume huingia kwenye upatu hasa ili akiba yao isimezwe na matumizi ya papo kwa papo. Wasomi wameandika kurasa nyingi kwa jambo ambalo bibi zetu walilijua, lakini tunawashukuru, sasa limekubalika. Kikundi kinampa mke neno la kusema. Akisema "sina" atagombana na watu. Akisema "hiyo ni ya kikundi" hakuna wa kununa.

Nyeri nako, katika miaka ya 1960, wanawake walichanga fedha za kuezekeana nyumba. Walichoka kuvuja kwa nyasi, wakawa wananunua mabati ya nyumba moja, halafu nyingine, hadi wote. Vikundi vile vikaitwa vya mabati, na wengine wakaendelea hadi kwenye matangi ya maji. Angalieni ujanja uliomo. Bati halifichiki, linang'aa juani hata mpita njia analiona. Aliyeezekewa wa kwanza alikuwa amelibeba deni lake juu ya paa, na aliyekuwa bado kwenye nyasi hakuhitaji kumkumbusha.

Mfumo tunaoutumia sisi wa hisa, mkopo mdogo na kugawana mwisho wa mzunguko ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, pale shirika la CARE lilipoanza kufanya kazi na wanawake wa vijijini. Vikundi vile viliitwa Mata Masu Dubara. Wengi wa wale akina mama hawakujua kusoma, hivyo hesabu waliziweka kichwani na kuzitamka mbele ya wote. Jamani, hebu fikirini! Deni lako limo vichwani mwa wanawake wote waliokaa kwenye mkeka. Baadaye, mfumo uliposambaa nchi nyingine, likaja sanduku la makufuli matatu na kitabu cha kugonga mihuri, ndivyo nasi tulivyoupokea. Lakini jambo la msingi halikubadilika. Fedha zinahesabiwa kwa sauti, kila mtu anasikia. Mwenzetu mmoja anayekaanga vitumbua husema kwamba tangu ajiunge hajawahi kula mtaji wake, kwa sababu kila akitaka kuugusa anaona sura zetu.

Je, ni macho yanayofanya kazi hiyo, au ni woga wa kulipia deni la mwingine? Swali hili si la darasani, na mbele mtaona kwa nini. Huko Kolkata, India, wakopaji wapya waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakutane kila wiki, wengine kila mwezi. Hawakuwa wanadhaminiana, kila mtu na deni lake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: walipokopa mara ya pili, wale wa kila wiki walishindwa kulipa mara chache zaidi. Walikuwa wamezoeana, wanatembeleana. Na kwenye kisiwa cha Leyte, Ufilipino, benki moja iliwaondolea baadhi ya wakopaji wake masharti ya kudhaminiana huku vikundi vikiendelea kukutana. Marejesho hayakushuka. Kwa hiyo sisi tunasema kukutana ndiko kunakojenga, na kufungana kamba shingoni si lazima.

Maana kamba hiyo ina historia yake. Bangladesh, mwaka 1976, Profesa Muhammad Yunus alikopesha dola 27 kwa watu 42 wa kijiji cha Jobra. Kazi ile ikazaa Benki ya Grameen mwaka 1983, na mwaka 2006 benki na mwasisi wake wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Wanawake waliwekwa watano watano. Wawili walikopa kwanza, wengine wakasubiri waone kama wenzao wanalipa. Hakuna anayeweza kubeza mema yaliyotoka huko. Lakini mtafiti Lamia Karim, aliyekaa vijijini Bangladesh mwishoni mwa miaka ya 1990, ameeleza upande wa pili katika kitabu chake cha mwaka 2011: mashirika ya kukopesha yakibana, wanakikundi wenyewe huenda kwa mwenzao aliyekwama, huchukua ng'ombe na vyombo, na hata kuibomoa nyumba waiuze vipande vipande. Wanawake wa Nyeri walipandisha mabati, hawa wakayashusha. Na wote ni akina mama wema tu, kama sisi, wanaopikiana kwenye misiba. Mtu mmoja mmoja asingethubutu, lakini wakiwa kundi, na afisa wa mkopo kasimama mlangoni, mkono unakuwa mwepesi. Grameen yenyewe ililegeza masharti yake mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Sisi huku hatuhitaji kwenda Bangladesh. Mikopo ya "kausha damu" imeingia mitaani, na mingine hutolewa kwa wanawake waliojiunga ili wadhaminiane. Siku ya marejesho mmoja asipofika, wenzake wanakalishwa hadi jioni, mpaka fedha ipatikane. Ndoa zimevunjika, na kuna waliohama usiku. Mnawajua.

Jambo lingine ambalo kikundi humfanyia mtu ni kumnyamazisha. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch, huko Marekani, aliwaita vijana wa chuo kupima kwa macho urefu wa mistari. Jambo jepesi kabisa. Ila waliokaa naye mtahiniwa walikuwa wamepangwa kutoa jibu la uongo kwa pamoja. Takribani thuluthi moja ya majibu ya watahiniwa yalifuata uongo ule, na wote walikuwa wanaume, wasomi, na macho yao mazima! Akiwepo mwenza mmoja tu anayesema kweli, makosa yalipungua sana. Yalipungua pia pale mtahiniwa aliporuhusiwa kuandika jibu lake kwenye karatasi badala ya kulitamka.

Tunayaandika haya si kwa kupamba kijitabu. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka huu lipo pendekezo kwamba kikundi kichukue mkopo wa nje, kila mwanachama amdhamini mwenzake, ili tununue mashine ya kukoboa. Waliolileta wana nia njema, na mashine inahitajika, hilo halina ubishi. Sisi watatu tulioandika tuna mashaka na huko kudhaminiana, na tumeshasema kwa nini. Huenda wengi wenu mkaona vingine, na hiyo ni haki yenu. Ila tumeomba, na kamati imekubali, kura hii isiwe ya kunyoosha mikono kama kawaida yetu, maana mikono yetu hufuatana. Mkono wa bibi aliyetufundisha kuhesabu ukipanda, nani atauacha wake chini?

Kutakuwa na chungu chenye mdomo mwembamba, kimewekwa chumba cha ndani. Kila mama atapewa punje moja ya hindi na moja ya haragwe. Hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana, na punje inayobaki utaondoka nayo mkononi. Ataingia mmoja mmoja, wanachama wapya kwanza, mwenyekiti wa mwisho. Watunza funguo watatu ndio watakaokimimina chungu kwenye ungo mbele ya wote na kuhesabu kwa sauti.