Istilahi za Sayansi na Mtoto wa Songea

Wapo wadhanio kwamba mtoto huingia darasani akiwa mtupu, naye mwalimu wa sayansi ndiye amjazaye. Historia ya shule za Ruvuma haiungi mkono dhana hiyo.

Tuchukue Lizaboni, kata mojawapo ya Manispaa ya Songea. Kwa kuwa mji huo ni makao makuu ya mkoa, husikika humo Kingoni, Kindendeule, Kimatengo, Kinyasa na Kiyao. Wangoni wenyewe, waliofika kutoka kusini katika miaka ya 1840, waliiacha pole pole lugha yao ya asili na kushika ya wenyeji waliowakuta. Kwa hiyo kubadili lugha si jambo geni huko. Geni ni kubadili lugha mara mbili katika umri mdogo. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 shule za msingi za serikali zilifundisha kwa Kiswahili, ilhali sekondari iliendelea kwa Kiingereza.

Je, mtoto huyo huja na nini? Jirani upande wa magharibi, katika milima ya Mbinga, Wamatengo hulima kwa ngolo. Majani hukatwa na kulazwa mteremkoni kwa miraba. Udongo wa katikati huchimbwa na kuyafunika, yakabaki matuta yanayozunguka mashimo. Mvua inyeshapo, maji hutuama mashimoni badala ya kuporomosha udongo, na majani huoza chini ya mimea. Juu ya matuta hupandwa maharagwe, kisha mahindi. Mtoto aliyeshika jembe huko ameona kwa macho yake mmomonyoko ukizuiwa na mboji ikifanyika. Akitajiwa maneno hayo mawili, analo pa kuyatundika. Akitajiwa kwa Kiingereza tu, atayakariri kama jina la mgeni asiyemjua.

Hata hivyo, tusidanganyike kwamba maarifa ya nyumbani hurahisisha kila jambo. Mkulima husema ardhi imechoka, mbolea itaipa nguvu. Mgonjwa naye hana nguvu. Neno hilo moja, likiingia katika fizikia, huleta mchafuko, na ndiyo sababu waundaji wa istilahi walitenga kani na nishati. Utengano huo ni wa haki, lakini kwa maoni yangu hautoshi kuandikwa kamusini. Mwalimu hana budi kuanza na nguvu ya mkulima, ndipo aonyeshe inapoachana na kani.

Kazi ya istilahi haikukosa watendaji. Baraza liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na mwaka huo huo Elimu ya Kujitegemea ikaagiza shule ziwe na mashamba, yaani mahali ambapo ngolo na kitabu vingaliweza kukutana. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, ikiwa na istilahi kama usanisinuru, wakati mitihani ya sekondari ya masomo hayo ilikuwa, na ingali, kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Lizaboni ajuaye mboji hupewa alama kwa neno jingine.