Tangi la Mzima

Rafiki yangu wa Mombasa anafuga samaki wa bahari, na juzi alikuwa akiwahamisha kwenye tangi kubwa zaidi. Mimi nilidhani kazi ni kuwakimbiza tu na wavu. Kumbe samaki huja mwisho. Kwanza unahamisha mawe, tena yakiwa mabichi, kwa sababu ndiko wanakoishi bakteria wanaovunja uchafu. Mawe yakikauka, utakuwa na tangi la kupendeza lenye samaki waliokufa.

Nikakumbuka kwetu. Sisi wa Taita Taveta tuna tangi pia, liko Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi. Kuna chumba cha vioo kilichozamishwa kidimbwini. Unashuka ngazi, unakaa chini ya maji, samaki wanakuja kukuangalia. Aliye ndani ya tangi ni wewe.

Maji yenyewe yanatoka mbali. Mvua hunyesha vilima vya Chyulu, ikapenya kwenye mawe ya volkeno, ikasafiri chini kwa chini karibu kilomita 50, kisha ikachipuka Mzima: takriban lita milioni 220 kwa siku. Usiku viboko hula nyasi nchi kavu, mchana huacha kinyesi majini. Wadudu hula kinyesi, samaki hula wadudu. Ukiondoa kimoja, vingine vinayumba.

Katika miaka ya 1950 Mombasa ilikuwa inakua na kiu yake ikikua nayo. Serikali ya kikoloni ikaamua kulaza bomba la kilomita 220 hivi kutoka Mzima hadi pwani. Wapenda wanyama wakahofia vidimbwi. Basi wahandisi wakapanga kuyavuta maji chini ya mawe ya volkeno, vidimbwi visivurugwe. Kazi safi. Viboko na samaki walifikiriwa.

Na watu je? Hifadhi ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, na ardhi ile ikafungwa kwa waliokuwa wakiwinda na kuchunga humo. Bomba likapita kwao kuelekea kwa wengine. Voi inapata sehemu ya maji hayo, sawa, lakini si kila siku na si kila mtaa. Viongozi wa kaunti wamedai mara nyingi kwamba nasi tufaidike na mapato yake. Bomba la pili, Mzima II, limeongelewa miaka nenda miaka rudi.

Nilimuuliza rafiki yangu, maji ya tangi yakipungua kwa mvuke anaongeza nini? Akanijibu kwamba haongezi ya bahari, chumvi itazidi. Anaongeza maji matamu ya mfereji, akishatoa klorini.

Nikacheka kidogo. Mtaa wake unapata maji ya Mzima. Asubuhi hiyo mama alikuwa amenipigia simu kutoka Voi: mfereji umekauka tena, ametuma mtoto wa jirani na jerikeni mbili.