Halloween ni Sikukuu ya Wahamaji

Kila mwisho wa Oktoba, grupu ya familia yetu kwenye WhatsApp huwaka moto. Binamu zangu walio Marekani hutuma picha za watoto wao wamevaa kama mifupa na wachawi. Kabla hujamaliza kucheka, mjomba mmoja ameshatuma video ya mhubiri: ati Halloween ni ya shetani, ati wazungu wanatuletea mapepo. Wengine hunyamaza. Mimi huwashwa na vidole, kwa sababu niliwahi kuwa mtoto kwenye picha kama hizo, na kwa sababu historia ya siku hiyo haiko vile mjomba anavyoihadithia.

Nimeishi Lowell, Massachusetts, tangu nikiwa na miaka 5 hadi 11. Wakenya ni wengi huko, kiasi kwamba unga wa ugali hautafutwi mbali. Mama alikuwa akitunza wazee, zamu za usiku. Sikukuu alizozijua zilikuwa Krismasi na Pasaka. Halloween tuliileta nyumbani sisi watoto, kutoka shuleni, kama vile mtoto huleta mafua. Mwaka wa kwanza mama alinitobolea macho kwenye shuka kuukuu, akanipa foronya ya kubebea peremende. Mizuka haikunitisha. Kilichonishangaza ni milango. Mwaka mzima majirani tulipishana kwenye ngazi bila salamu, lakini jioni ile ukigonga, unafunguliwa. Mzee Mkambodia wa ghorofa ya chini, ambaye sikuwahi kumsikia akiongea, alitujazia mikono yote miwili.

Sasa turudi nyuma kidogo. Ireland ya kale ilikuwa na sikukuu iliyoitwa Samhain, mwanzoni mwa Novemba. Mavuno yameisha, ng'ombe wameteremshwa kutoka malisho ya kiangazi, baridi na giza vinabisha hodi. Watu waliamini kwamba usiku huo ukuta kati ya walio hai na ulimwengu wa pili huwa mwembamba. Kanisa nalo likaja na lake. Katika karne ya 8, Papa Gregori wa Tatu aliweka wakfu kikanisa huko Roma kwa heshima ya watakatifu wote, na mwaka 835, wakati wa Papa Gregori wa Nne, sherehe ya tarehe 1 Novemba ikaenezwa katika himaya ya Wafranki. Neno Halloween lenyewe maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote. Kwa hiyo jina ambalo mjomba analiogopa limetoka kanisani.

Baadaye tarehe 2 Novemba ikawa siku ya kuwaombea marehemu. Uingereza ya zamani, maskini walipita mlango kwa mlango wakipewa vikeki, nao wakawaombea wafu wa nyumba ile. Scotland na Ireland watoto walijigeuza sura, wakazunguka kwa majirani, na hawakupewa kitu bure. Ilibidi waimbe au wakariri shairi ndipo wapate njugu au tufaha. Taa za kutisha walizichonga kwenye tanipu, mzizi mgumu kama jiwe.

Kisha ikaja njaa. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia kwenye viazi vya Ireland, vikaoza ardhini. Kufikia 1852, karibu watu milioni 1 walikuwa wamekufa na zaidi ya milioni 1 wamepanda meli. Wengi walishukia Boston, na baadhi wakafika Lowell, ambako Waayalandi wenzao walikuwa wakichimba mifereji ya viwanda vya nguo tangu 1822. Hawakupokelewa vizuri. Walidharauliwa kwa umaskini wao na kwa Ukatoliki wao. Lakini huko Amerika walikuta malenge, makubwa na laini kuchonga, na tanipu ikastaafu.

Peremende zilichelewa sana. Mwanzoni mwa karne ya 20, Halloween ya Marekani ilikuwa ya vijana wahuni: kung'oa mageti, kufungulia ng'ombe za watu. Mwaka 1920 mji wa Anoka, Minnesota, uliamua kuandaa gwaride ili vijana wawe na shughuli nyingine. Pole pole majirani wakagundua kuwa kumpa mtoto kitu kitamu ni nafuu kuliko kutengeneza geti. Vita vikaleta mgao wa sukari kuanzia 1942 hadi 1947, na ulipokwisha tu, desturi ya switi ikasambaa nchi nzima.

Babu alifariki Kakamega mnamo Oktoba 2007. Mama hakuwa na makaratasi ya kumruhusu kutoka Marekani na kurudi, kwa hiyo mazishi ya babake aliyasikiliza kwa simu, akiwa amekaa kwenye kingo ya bafu ili tusimwone. Siku chache baadaye ikafika Halloween. Nilidhani atazima taa ya nje, maana hiyo ndiyo ishara ya kwamba hapa msigonge. Hakuizima. Alifungua mlango jioni nzima, akagawa peremende kwa watoto waliovaa kama wafu, na tarehe 2 akawasha mshumaa jikoni.

Tuliporudi Kenya nilimweleza Kukhu mambo haya yote. Akasikiliza, akauliza, "Kwa hivyo mnaomba chakula mkijifanya marehemu?" Akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akanionyesha bahasha yake ya Novemba, ile ya Misa ya marehemu, yenye majina kumi na mawili. La babu lilikuwa la mwisho. Kuhusu kuchonga malenge alikataa katakata: chakula hakichezewi. Tulikubaliana kwa sharti kwamba nyama yake yote iingie sufuriani, na mbegu zikaangwe.

Mjomba ana haki ya kuikataa Halloween. Mimi mwenyewe ile ya Nairobi siku hizi hainivuti: tiketi ya klabu, damu ya kupaka, selfi, kwisha. Vazi limefika lakini milango imebaki imefungwa, na ploti zetu zina geti la chuma na askari anayekuuliza unaenda kwa nani.

Mwaka jana mimi na dadangu tuliwazungusha watoto wake kwenye ploti yao Umoja, jioni ya tarehe 31, bila vinyago. Milango miwili haikufunguliwa. Kwenye mmoja tuliambiwa tunasumbua. Kwenye ghorofa ya tatu mama mmoja alitoka na bakuli la njugu, akaliinua juu, akasema hampati hata moja kabla hamjaniimbia. Wakaimba ile ya shule, beti zote.