Kukarabati Choo na Bafu la Nyumbani kwa Fedha Kidogo: Hukumu za Twahara na Mpangilio wa Kazi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake wote.

Twahara ni sharti ya Swalah, na kwa wengi wetu twahara huanzia chooni na bafuni. Sakafu inayotuamisha maji, shimo linalorudisha uchafu au mlango usiofungika humtia mtu katika najisi, wasiwasi na kukosa sitara. Kwa hiyo kurekebisha mahali hapa ni haja ya kweli ya nyumba. Makala hii inakusanya hukumu na mambo ya ufundi ambayo mwenye fedha chache anapaswa kuyajua kabla ya kumwita fundi. Hukumu zimeelezwa kwa madhehebu ya Imamu Shafi'i, ambayo ndiyo ya wengi katika mwambao wetu. Pale ambapo tofauti ya Wanavyuoni ina athari kwenye kazi, tumeitaja.

1. Tanguliza lenye ulazima

Fedha ikiwa ndogo, gawa kazi katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni linalohusu twahara, afya na sitara: shimo na mabomba ya maji machafu, mteremko wa sakafu, kuzuia maji kupenya ukutani, mlango wenye komeo, na dirisha lililo juu ya kimo cha mtu.

Fungu la pili ni la wepesi: tangi la maji, kibomba cha kustanji, taa, mahali pa kutundika nguo zisirushiwe maji, na mshikio wa ukutani kwa wazee.

Fungu la tatu ni pambo: vigae hadi darini, kioo kikubwa, mabomba ya kung'aa.

Usiingie fungu la tatu kabla ya la kwanza kukamilika. Wengi huweka vigae vizuri juu ya bomba bovu, kisha baada ya miezi michache huvivunja ili kutafuta linalovuja. Huo ni upotevu wa mali, na Allah Amekataza israfu na ubadhirifu. Kujipambia nyumba kwa kiasi, bila deni la kuumiza na bila kujifakharisha, hakuna ubaya.

2. Mwelekeo wa choo na Qibla

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Ayyub al-Answari (Radhiya Allahu 'anhu) kwamba Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alikataza kuelekea Qibla au kukipa mgongo wakati wa kukidhi haja, akaamrisha kuelekea mashariki au magharibi. Maneno hayo waliambiwa watu wa Madina, ambao Qibla chao kiko kusini.

Sisi wa mwambao Qibla chetu kiko kaskazini. Dar es Salaam, Tanga, Unguja, Pemba na Mombasa ziko karibu kwenye mstari mmoja na Makka, hivyo Qibla ni kaskazini kwa tofauti ya nyuzi chache tu. Nairobi ni kama nyuzi 7 kuelekea mashariki ya kaskazini, na Kampala na Kigoma ni kati ya nyuzi 18 na 21. Kwa hiyo kwetu pia, choo kinachomwelekeza mtu mashariki au magharibi kimesalimika.

Je, ambaye choo chake tayari kinaelekea kaskazini au kusini akivunje? Ibn 'Umar (Radhiya Allahu 'anhuma) ameeleza katika Bukhari na Muslim kwamba alipanda juu ya nyumba ya Hafswa, akamwona Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) akikidhi haja hali ya kuelekea Sham na kuipa mgongo Ka'aba. Kwa kuzikusanya Hadithi hizi mbili, Imamu Malik na Imamu Shafi'i wameona katazo ni la mahali pa wazi, na ndani ya jengo inajuzu. Mashafi'i wamesema bora ni kuepuka ikiwa ni wepesi. Mahanafi wamelichukua katazo kwa ujumla, ndani na nje ya jengo, na hiyo pia ni kauli ya Ibn Taymiyyah.

Natija yake ni hii: ikiwa sakafu inavunjwa kwa ajili ya bomba au shimo, geuza choo, kwani gharama ya ziada ni ndogo na utatoka kwenye khilafu. Ikiwa sakafu ni nzima na fedha hakuna, hulazimiki kuvunja. Abu Ayyub mwenyewe ameeleza kwamba walipofika Sham walikuta vyoo vilivyojengwa kuelekea Qibla, wakawa wanageuka na kumuomba Allah maghfira.

Kabla ya kukigeuza, chora mahali kipya kwa chaki, uchuchumae au uweke kiti hapo. Hakikisha magoti hayagusi ukuta na mlango unafunguka wote. Ama kuoga au kutawadha kwa kuelekea Qibla hakuna katazo, hivyo usitoe fedha kuhamisha bomba la kuogea.

3. Sakafu: mteremko kabla ya vigae

Imepokewa kutoka kwa 'Abdullah bin Mughaffal (Radhiya Allahu 'anhu) katika Sunan kwamba Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alikataza mtu kukojoa mahali anapoogea, kwa kuwa hilo huleta wasiwasi. Ibn Majah amenukuu kutoka kwa mwalimu wake 'Ali bin Muhammad at-Tanafisi kwamba hayo yalikuwa pale mabafu yalipokuwa ya mashimo ya udongo. Ama yaliposakafiwa, mtu akimwaga maji juu yake hakuna neno. Ibnul-Mubarak naye amekubali pale maji yanapotiririka.

Kumbe tofauti kati ya bafu la wasiwasi na bafu la utulivu ni kutiririka kwa maji, na hiyo ni kazi ya fundi. Katika madhehebu ya Shafi'i, maji machache yaliyotuama yakiingiwa na najisi hunajisika hata kama hayakubadilika. Dimbwi dogo karibu na choo linaweza kuwa hivyo, na likirusha matone kwenye nguo, Swalah inaingia mashakani. Lakini maji yanayomwagwa juu ya najisi, yakaiondoa na kwenda zake, husafisha mahali hapo.

Mwagize fundi haya:

- Sakafu ishuke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Kwa bafu la urefu wa mita 2, upande wa mbali uwe juu kwa sentimita 2 hadi 4.
- Tundu la maji liwe kwenye pembe ya kuogea, mbali na mlango.
- Mlangoni kuwe na kizingiti cha kama sentimita 5, maji yasitoke kwenda vyumbani mnamoswalia.
- Bomba la choo liwe la inchi 4 na lenye mteremko usiokatika. Kona kali ziwe chache.
- Kila tundu la maji liwe na kiwiko kinachobakisha maji ndani yake. Maji hayo ndiyo yanayozuia harufu na wadudu kupanda.

Kabla ya vigae, ziba tundu, jaza maji kimo cha sentimita 2 au 3 na uache kwa saa 24. Yakipungua sana au ukuta wa nje ukilowa, rekebisha kwanza. Kisha zibua, umwage ndoo moja na uangalie kama kuna mahali yanabaki. Majaribio haya yanagharimu maji tu.

4. Hesabu ya vigae kwa mfano

Chukua bafu la mita 2 kwa mita 1.5. Sakafu ni mita za mraba 3. Kigae cha sentimita 30 kwa 30 ni mita ya mraba 0.09, hivyo sakafu inahitaji vigae 34. Ongeza moja ya kumi kwa vinavyokatwa na kuvunjika, vitakuwa kama 37.

Mzunguko wa kuta ni mita 7. Vigae hadi kimo cha mita 2.1, ukitoa mlango wa sentimita 80, ni mita za mraba 13. Ukiishia mita 1.5 ni mita za mraba 9.3. Umeokoa zaidi ya robo ya vigae vya ukuta pamoja na saruji na ufundi wake. Juu yake piga plasta laini na rangi inayostahimili maji. Mwenye kidogo zaidi aweke vigae kwenye sakafu na pembe ya kuogea tu. Na asiye na uwezo huo, sakafu ya saruji iliyosuguliwa vizuri na kumwagiliwa maji siku 7 ili ikomae inatosha kwa twahara. Sharia haikushurutisha vigae. Ukinunua, epuka vinavyoteleza. Mzee akianguka bafuni, gharama ya matibabu itazidi ulichookoa.

5. Tangi na maji

Maji yakifikia qullatayn hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Wanavyuoni wa zama hizi wamekadiria qullatayn kuwa karibu lita 200, wengine wakasema 190 na wengine 216. Basi tangi la lita 500 lililojaa, panya akifa humo na maji hayakubadilika, maji ni twahara, ila mtoe na uchunge afya. Pipa au ndoo iliyo chini ya kipimo hicho hunajisika kwa kuingiwa tu. Hivyo mfuniko ni muhimu kuliko ukubwa wa tangi.

Ukiweza, weka bomba la kutawadhia nje ya mlango wa choo, ili useme Bismillah na dua kwa sauti. Kutawadha ndani kunajuzu, na Bismillah utaipitisha moyoni.

6. Shimo na haki ya jirani

Msingi wa Sharia ni kwamba hakuna kudhuru wala kulipiza madhara. Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisima, na chini ya shimo kuwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5 au zaidi. Usielekeze maji machafu njiani wala uani kwa jirani, hata kama yeye ni mpole na hasemi. Ikiwa viwanja vimebanana na umbali huo haupatikani, zungumza na jirani na uongozi wa mtaa kabla ya kuchimba, na msinywe maji ya kisima hicho bila kuyatibu.

7. Fundi: ujira, ununuzi na malipo

Ujira lazima ujulikane. Kauli ya "tutaelewana kazi ikiisha" huzaa ugomvi. Mkiwa mmeshaingia humo, fundi anastahiki ujira unaolipwa kwa kazi kama ile mahali penu. Andikeni kazi ni ipi, nani ananunua vifaa, na malipo yatagawanywa vipi. Inafaa kulipa kwa hatua: mabomba yakishajaribiwa, sakafu ikishajaribiwa, na mwisho wa kazi. Akimaliza alilokubaliana, mlipe bila kumzungusha.

Fundi unayemtuma dukani ni wakala wako. Bei ikipunguzwa, punguzo ni lako. Akiandikiwa risiti ya juu na kuchukua tofauti kwa siri, hiyo ni khiyana. Ikiwa mmekubaliana waziwazi kwamba atapata kiasi fulani kwa ununuzi, ni halali yake.

8. Fedha zitoke wapi

Tenga moja ya kumi ya fedha kwa yasiyotarajiwa, kwani chini ya sakafu ya zamani hakuna ajuaye lililopo. Kazi inaweza kufanywa kwa awamu: mwezi huu shimo na bomba, baadaye sakafu, kisha vigae. Mchezo wa kupokezana fedha, ambapo kila mtu anapata alichochangia bila ziada, unajuzu kwa kauli ya wengi wa Wanavyuoni wa zama hizi. Kununua vifaa kwa malipo ya baadaye kwa bei ya juu kuliko ya taslimu kunajuzu kwa kauli ya wengi, kwa sharti bei ikatwe siku ya kuuziana na isiongezeke ukichelewa. Mkopo wa riba haujuzu, na vigae si dharura.

Maswali yanayokaririwa

Vigae vilivyobaki kwenye ujenzi wa msikiti, naweza kupewa? Vilivyotolewa kwa ajili ya msikiti ni mali ya msikiti. Mjumbe mmoja hana haki ya kukugawia. Ikiwa havihitajiki tena, wasimamizi wanaweza kuviuza kwa bei ya haki na fedha zikatumika msikitini.

Mabomba ya rangi ya dhahabu ni haramu? Kilichokatazwa ni vyombo vya dhahabu na fedha halisi. Shaba au chuma chenye rangi hiyo hakimo humo, lakini jiepushe na kujionyesha.

Naweza kuhesabu gharama za choo changu katika Zakah yangu? Hapana. Ila ukiwa na jirani fakiri ambaye choo chake kimebomoka, unaweza kumpa Zakah naye akaitumia kwa haja hiyo. Mkabidhi mwenyewe, iwe milki yake.

Mwenye suala lenye mzozo, hasa la shimo na jirani au fundi aliyeacha kazi katikati, alifikishe kwa Shekhe wa mahali pake asikilize pande zote mbili.

Allah Atujaalie miongoni mwa wanaojitwaharisha. Wallahu a'alam.