Mkono Ulioshika Kikombe cha Mfalme

Waumini wa makanisa ya Manundu, mjini Korogwe, wanamfahamu Nehemia kwa sababu ya ukuta wa Yerusalemu. Kazi aliyoifanya kabla ya ukuta hutajwa harakaharaka, kwamba alikuwa mnyweshaji wa mfalme, kisha mhubiri anaendelea. Mtu wa kumimina divai alipataje barua za kupita mipakani, miti ya kujengea na askari wa kumsindikiza? Ili kulijibu swali hilo hatuna budi kuanza na hofu ya sumu.

Adui wa nje alizuiwa na ukuta na mikuki. Lakini mfalme naye alikula na kunywa kila siku, na kila alichokula kilipita kwanza mikononi mwa watu wa nyumbani mwake. Mwandishi Mgiriki Xenophon, katika karne ya 4 KK, alieleza jinsi wanyweshaji wa mfalme wa Wamedi walivyofanya: mtumishi alichota divai kwa kata, akaimimina kidogo kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, akainywa, ndipo akampa bwana wake kikombe. Mwenyeji anayeonja pombe kabla ya kumpa mgeni kata, desturi inayojulikana sehemu nyingi za nchi yetu, hufuata mantiki hiyohiyo.

Mnyweshaji mmoja wa kale tunayemjua kwa jina ni Sargon wa Akadi, aliyetawala Mesopotamia katika karne ya 24 au ya 23 KK. Masimulizi ya Wasumeri yanasema alimhudumia Ur-Zababa, mfalme wa Kishi, kabla ya kutwaa ufalme mwenyewe. Masimulizi hayo yaliandikwa baada ya Sargon kufa, na huenda yalitungwa ili kueleza jinsi mtu asiye wa ukoo wa kifalme alivyopanda hadi kwenye kiti. Hata hivyo, waliosikiliza hawakuona ajabu mnyweshaji kuwa mfalme, na hilo pekee linatuonyesha uzito wa cheo chenyewe.

Misri inatupa picha ya upande wa pili. Katika Mwanzo 40, mkuu wa wanyweshaji na mkuu wa waokaji wametiwa gerezani pamoja na Yusufu. Wapo waliodhani walishukiwa kutaka kumwekea Farao sumu, ingawa Biblia inasema tu kwamba walimkosea. Hatimaye mmoja alirudishiwa kikombe na mwingine akatundikwa. Kwa Waashuri cheo hicho kilikua hadi kikatoka mezani kabisa. Yule Rabshake aliyesimama mbele ya Yerusalemu mwaka 701 KK na kuwatisha watu wa mfalme Hezekia alikuwa, kwa asili ya cheo chake, mkuu wa wanyweshaji, lakini sasa alikuja na jeshi.

Ndipo tunafika kwa Nehemia, mwaka 445 KK. Miaka 20 hivi kabla yake, mfalme Xerxes wa Uajemi aliuawa kwa njama za watu wa ikulu yake, na mwanawe Artashasta akarithi kiti pamoja na hofu. Kwa mfalme wa namna hiyo, uso wa huzuni wa anayemimina divai haukuwa jambo dogo, na Nehemia mwenyewe anasema aliogopa sana alipoulizwa sababu. Baadhi ya nakala za kale za Kigiriki zinamwita towashi. Mimi naona ni kosa la mnakili, kwa kuwa neno la towashi na la mnyweshaji yanakaribiana kwa Kigiriki, na maandishi ya Kiebrania yanasema mnyweshaji.

Hata hivyo, hofu ya sumu peke yake haitoshi kuwa sababu ya uzito wa cheo hicho. Miungu ya Wagiriki haikuweza kufa, lakini ilinyweshwa na Hebe, kisha na Ganymede, kijana aliyechukuliwa juu kwa uzuri wake. Kurani, katika Surat al-Insan, inawataja vijana wanaowazungukia na kuwahudumia watu wa Peponi, mahali pasipo na hofu yoyote. Basi kunyweshwa kulikuwa pia heshima, na aliyekubaliwa kusimama karibu hivyo alishiriki heshima hiyo; ndiyo maana Nehemia aliweza kuomba barua, miti na askari, akapewa.

Kwetu Afrika Mashariki sababu hizo mbili zilikutana Buganda. Mpelelezi Mwingereza Speke, aliyefika kwa Kabaka (mfalme) Mutesa mwaka 1862, aliwaorodhesha Sseruti, mtengeneza pombe, na Mfumbiro, mpishi, pamoja na wakuu wa nchi. Chini yao walikuwepo vijana wengi wa ikulu. Mmoja wao, Joseph Mukasa Balikuddembe, akawa mkuu wa vijana hao chini ya Kabaka Mwanga, mrithi wa Mutesa. Oktoba 1885 Askofu Hannington wa Kanisa la Kianglikana aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga, na Balikuddembe akamlaumu bwana wake waziwazi. Katika siku hizohizo Mwanga aliugua macho. Padri Lourdel, mmisionari Mkatoliki, alitoa kidonge chenye afyuni, Balikuddembe akakipeleka, na hali ya Kabaka ikawa mbaya zaidi. Mwanga akaamini kwamba amelishwa sumu.

Tarehe 15 Novemba Balikuddembe aliuawa Nakivubo. Wengine wanasema aliponzwa na lawama ile, wengine wivu wa Katikkiro (waziri mkuu) aliyeogopa kupokonywa cheo, na Kanisa linasema aliifia imani. Nadhani mambo hayo yote yalikuwepo, lakini kidonge ndicho kilichoyapa njia, kwa sababu kilimgusa mfalme pale anapoogopa zaidi. Kijana mwingine wa ikulu ileile, Apolo Kaggwa, aliponea chupuchupu kuuawa mwaka uliofuata. Mwaka 1889 akawa Katikkiro, na mwaka 1900 alitia sahihi mkataba na Waingereza kwa niaba ya Kabaka mtoto.