Kinga Aliyoilipia Marehemu

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Siku ya kupokea fedha mtu huwa na uso wa bwana harusi. Siku za kulipa nyumba nzima hunyamaza kama imefiwa. Lakini methali hiyo haisemi neno juu ya yule anayekufa kabla hajamaliza kulipa. Matanga yake ni ya kweli, si ya mfano, na deni lake hubaki likizunguka kutafuta mtu wa kumshika. Ndugu msomaji, katika sura hii nataka nizungumzie deni la namna hiyo, pamoja na kitu kiitwacho bima ya mkopo, ambacho wengi wetu hapa Sekei tumekilipia bila kukijua.

Kabla ya fedha, hapa chini ya Mlima Meru deni lilikuwa na miguu minne. Mtu alimwazima mwenziwe mtamba, na ahadi ikakaa vichwani mwa mashahidi. Hapakuwa na karatasi, ila palikuwa na wazee. Baba akifa, mwana aliambiwa mbele ya watu: kwa fulani kuna ng'ombe wenu, na ninyi mnadaiwa na fulani. Deni halikuzikwa, na haki haikuzikwa pia. Yule aliyerithi cha kulipa alirithi vilevile cha kudai. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, maana ndilo tulilolipoteza baadaye.

Waingereza walipotawala Tanganyika waliliangalia deni la Mwafrika kwa jicho jingine. Katika miaka ya 1920 na 1930 palikuwa na sheria iliyozuia Waafrika kukopeshwa. Mfanyabiashara asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika bila kibali cha serikali, hakuweza kumdai mahakamani. Ilisemwa kuwa ni kumlinda mwenyeji asinyonywe. Huenda baadhi yao waliamini hivyo kwa dhati. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba mwenye duka mjini alimkatalia mkulima wa kahawa hata jembe la mkopo, na mkulima akabaki amelindwa na mkono mtupu. Hiyo ndiyo kinga ya kwanza tuliyopewa juu ya mikopo, na hakuna aliyetuuliza kama tunaitaka.

Kisha ukaja uhuru. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Mwezi wa Februari mwaka 1967, siku chache baada ya chama cha TANU kupitisha Azimio hapa hapa Arusha, mabenki yalitaifishwa na biashara ya bima ikawekwa mikononi mwa shirika hilo moja. Kwa muda wa karibu miaka 30 ukisema benki watu walielewa ni Benki ya Taifa ya Biashara, na ukisema bima hapakuwa na haja ya kuuliza bima ipi. Mkopo haukuwa jambo la mwalimu wa shule ya msingi wala la muuguzi. Mtu wa kawaida alikopa kwa jirani, dukani, au katika chama cha akiba na mikopo kazini kwake.

Milango ilifunguliwa kwa sheria mbili: ile ya mabenki ya mwaka 1991 na ile ya bima ya mwaka 1996. Yakaja mabenki mengi na makampuni mengi ya bima, na baada ya muda mabenki yakagundua kwamba mshahara wa mtumishi ni dhamana nzuri kuliko shamba lenye mgogoro. Ndipo mikopo ya watumishi ikaenea kama mvua za masika. Mwalimu akajenga, muuguzi akasomesha, askari akanunua bodaboda. Sisemi kwamba ni jambo baya, maana nyumba nyingi za matofali hapa mtaani zimesimama juu ya mikopo hiyo. Lakini kila mkopo ulikuja na mwenzake aliyejificha nyuma ya mlango, naye ni bima.

Asili ya bima hii si mbaya. Huko Marekani, Arthur Morris, ambaye alikuwa ameanzisha mabenki ya kuwakopesha wafanyakazi wa kawaida, aliunda mwaka 1917 kampuni ya kukatia bima maisha ya wakopaji wake. Mwaka 1935 vyama vya akiba na mikopo vya nchi hiyo viliunda bima yao wenyewe, kwa nia kwamba mtu akifa deni lake life naye, wala lisiwaangukie mjane, watoto au wadhamini. Ukilifikiri vizuri, ni wazo la kiungwana. Wengi wanachangia kidogo kidogo, na nyumba moja iliyopatwa na msiba inaachiwa ipumue.

Lakini kitu kizuri kikiingia mikononi mwa mchuuzi mwenye tamaa hubadilika. Wenye kujua habari za Uingereza wanakumbuka mkasa wao wa bima ya kulinda malipo. Katika miaka ya 1990 na 2000 mabenki ya huko yaliwauzia wateja bima hiyo pamoja na mikopo na kadi zao, kwa mamilioni mengi. Aliyejiajiri aliuziwa bima ya kupoteza ajira, ambayo isingemlipa kitu. Mstaafu aliuziwa pia. Wengine waliambiwa kwamba bila bima mkopo hautoki, na wengine hawakuambiwa lolote, bali waliiona baadaye katika hesabu. Tume ya ushindani ya huko ilipochunguza, ilikuta kwamba mwaka 2007 katika kila pauni 100 zilizolipwa kwa bima hiyo, ni pauni 14 tu zilizorudi kwa wateja kama fidia, wakati bima ya magari ilirudisha pauni 78.

Kesi moja ilifika Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2014. Mjane mmoja, mwalimu wa chuo, alikuwa amekopa pauni 34,000 za kulipa kwa miaka 10, akaongezewa bima ya pauni 5,780 ambayo ilimkinga kwa miaka 5 tu. Katika fedha hizo za bima, asilimia 71.8 zilikuwa kamisheni ya dalali na ya mkopeshaji, naye hakuambiwa. Mahakama ilisema kwamba kuficha jambo kubwa kiasi hicho kulifanya uhusiano wao usiwe wa haki. Kabla ya hapo, mwaka 2011, umoja wa mabenki ulikuwa umeshindwa kesi yake dhidi ya mdhibiti, na milango ya madai ikafunguka. Wananchi waliandika barua, wakadai, wakalipwa. Hadi mlango wa madai ulipofungwa tarehe 29 Agosti 2019 na hesabu za mwisho kukamilika, zilirudishwa zaidi ya pauni bilioni 38.

Mpwa wangu anayeishi huko alikuwa mmoja wao. Alikuwa mfanyakazi wa vibarua katika nyumba za kutunzia wazee, akauziwa bima ya kupoteza ajira wakati ajira yenyewe ilikuwa ya siku kwa siku. Aliandika barua ya ukurasa mmoja, bila wakili, bila dalali wa madai. Baada ya miezi kadhaa alirudishiwa fedha zake pamoja na riba. Aliponisimulia kwa simu nilimwuliza, "Mwanangu, hukuogopa kuidai benki?" Akacheka, akasema, "Mjomba, hapa kudai si ugomvi."

Maneno hayo yalinikaa moyoni, hasa kwa sababu wakati ule ule nilikuwa nashughulika na jambo la jirani yangu.

Mume wa jirani yangu alikuwa mtumishi, akakopa benki kwa dhamana ya mshahara, akafa ghafla mkopo ukiwa katikati. Baada ya arobaini, mjane akapata barua ya benki ikimkumbusha deni. Mama yule hakubishana. Alianza kupeleka fedha kidogo kidogo kila mwezi, za maziwa na za ndizi, akiamini kwamba anaifuta aibu ya marehemu. Siku moja alinijia na bahasha. "Shikamoo, Mwalimu," alisema. "Nisomee hii, maana wanataka zaidi na mimi nimebakiwa na ng'ombe mmoja."

Niliomba anitafutie mkataba wenyewe. Tuliukuta ndani ya Biblia ya marehemu, pamoja na risiti za ada. Katika ukurasa wa pili, kati ya makato ya siku ya kwanza, palikuwa na mstari mmoja mfupi: bima ya mkopo. Nilimwonyesha kwa kidole. Marehemu alikuwa ameilipia kinga ya nyumba yake yote kwa mkupuo, siku ile ile alipopokea fedha. Deni lile lilikuwa limekwisha kukatiwa bima miaka miwili kabla ya kifo chake, na mjane wake alikuwa anauza maziwa kulilipa.

Mama alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha aliuliza swali ambalo sijalisahau: "Kumbe alinilipia, na hawakuniambia?"

Tawi la benki lilituambia kwamba taarifa ya kifo ilichelewa. Tulijibu kwa maandishi kwamba mtu hawezi kutoa taarifa juu ya bima asiyoijua, na kwamba benki yenyewe ndiyo iliyokata bima hiyo, na barua zake zinaonyesha kwamba ilijua habari za msiba. Tuliambatisha nakala ya mkataba, cheti cha kifo, barua ya mwajiri, na risiti za fedha zote alizolipa baada ya mazishi. Nakala moja tulipeleka makao makuu ya benki, na nyingine kwa mamlaka inayosimamia bima. Ilichukua miezi mingi na nauli nyingi. Mwishoni deni lilifutwa, na fedha alizokuwa amelipa mjane zikarudishwa.

Hapa ndipo ninapoona tofauti kati yetu na Waingereza. Kwao kosa lilikuwa kumwuzia mtu kinga asiyoweza kuitumia. Kwetu, mara nyingi kinga yenyewe ni ya kweli na ya kufaa, lakini mwenyewe haijui, na mtu asiyejua alichonacho ni sawa na asiyekuwa nacho. Bima isiyodaiwa humfaidi aliyeiuza peke yake. Mwingereza alilazimika kuthibitisha kwamba alidanganywa. Mjane wa Sekei alihitaji tu mtu wa kumsomea mstari mmoja.

Liko na jambo jingine, la mkopo unaoongezwa kabla ya kwisha. Tuseme mtumishi amekopa shilingi 10,000,000 kwa miaka 5, na bima ni asilimia 1 kwa mwaka. Zinakatwa shilingi 500,000 siku ya kwanza, naye anapokea 9,500,000 huku akilipa riba ya 10,000,000. Baada ya miaka 2 anaongeza mkopo. Deni la zamani linafutwa na jipya linaanza, na bima inakatwa upya yote. Je, ile bima ya miaka 3 iliyobaki katika mkopo wa kwanza imekwenda wapi? Kwa hesabu ya darasa la tano ni kama shilingi 300,000. Huenda mkataba unasema zirudishwe au zihesabiwe katika bima mpya, na huenda unasema vingine. Lakini anayeuliza ni nani? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Siku hizi hatuna udhuru wa kusema hakuna mahali pa kulalamikia. Sheria ya bima ya mwaka 2009 iliweka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Benki Kuu ilitoa mwaka 2019 kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, zinazozitaka taasisi ziwe wazi kwa wateja na kushughulikia malalamiko yao. Na sheria ya mirathi iko pale pale: deni la marehemu hulipwa kutoka katika mali aliyoiacha, si kutoka katika kikapu cha mjane. Tatizo linalobaki ni aibu. Tumefundishwa kwamba mwungwana hulipa, jambo ambalo ni kweli, lakini hatukufundishwa kwamba mwungwana pia hudai kilicho chake.

Nasema hatukufundishwa, lakini historia ya mlima huu inatufundisha. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki. Hawakuwa na bunduki. Walichangishana fedha, wakaandika malalamiko yao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York akieleza habari za watu wake. Azimio walilolitaka halikupata theluthi mbili za kura. Lakini tangu hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba Wameru waliridhika. Watu ambao babu zao waliipeleka karatasi yao mpaka New York hawapaswi kuogopa kuipeleka karatasi yao mpaka dirisha la benki.

Kwa hiyo natoa shauri dogo kwa kila nyumba. Mwenye mkopo na amwonyeshe mwenziwe mkataba akiwa bado hai. Amwambie ameweka wapi, na asome naye mstari wa bima: jina la kampuni, muda wake, na taarifa itolewe ndani ya siku ngapi. Wazee wa zamani walifanya hivyo kwa mdomo, mbele ya mashahidi, na mwana alijua ng'ombe wao wako wapi. Sisi tuliosoma tunaficha karatasi ndani ya Biblia na sandukuni, tukidhani tunaitunza familia. Familia haitunzwi kwa siri. Mume aliyeilipia kinga nyumba yake na asiseme, amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ni maneno machache tu ya jioni moja.