Bati la jikoni na pumzi ya mtoto njiti

Maji ya kuoshea vyombo hayana mwenye haja nayo: yakichafuka, humwagwa. Agnes Pockels, binti wa mji wa Braunschweig nchini Ujerumani, aliyachunguza kwa takriban miaka 10.

Alizaliwa mwaka 1862. Fizikia aliipenda tangu shuleni, lakini zama zake vyuo vikuu vya Ujerumani havikupokea wanawake. Mdogo wake wa kiume, Friedrich, ndiye aliyekwenda Göttingen kuisoma, akawa anamtumia dada yake vitabu. Agnes alibaki nyumbani, akiuguza wazazi, akipika na kuosha vyombo.

Swali lake lilitokea humo humo jikoni. Uso wa maji safi hujikaza mithili ya ngozi ya ngoma. Ndiyo maana tone hujikusanya likawa duara, na mdudu hutembea juu ya dimbwi asizame. Yakiingia mafuta kidogo ya sufuria au sabuni, ngozi hiyo hulegea. Je, hulegea kwa kiasi gani?

Akajitengenezea kipimo. Alichukua chombo cha bati chenye urefu wa sentimita 70, upana 5 na kina 2, akakijaza maji hadi ukingoni. Juu yake akalaza ukanda mwembamba wa bati uliogusa maji na kuugawa uso wake pande mbili. Akiusogeza ukanda, mafuta yaliyoelea upande mmoja husongamana kama abiria wa daladala. Kisha alishusha kisahani cha milimita 6 kilichoning'inizwa kwenye mzani, akapima nguvu ya kukibandua majini. Akagundua kwamba mafuta yakiwa machache, kusogeza ukanda hakubadilishi kitu. Yakifikia kiwango fulani cha msongamano, mkazo wa uso hushuka ghafla.

Tarehe 10 Januari 1891 alimwandikia Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza aliyekuwa akishughulika na jambo lilo hilo. Barua ilikuwa ya Kijerumani. Mke wa Rayleigh akaitafsiri. Rayleigh angeweza kuikalia. Badala yake aliipeleka kwenye jarida la Nature akiomba ichapishwe, nayo ikatoka Machi mwaka huo.

Kuanzia hapo chombo kile kikaanza safari. Mwaka 1917 Mmarekani Irving Langmuir alikiboresha, akaonyesha kwamba mafuta yakitandaa vya kutosha huwa utando wenye unene wa molekuli moja tu, kila molekuli ikisimama kichwa majini, mkia hewani. Mwaka 1925 Evert Gorter, daktari wa watoto nchini Uholanzi, na mwenzake Grendel wakatandaza juu ya maji mafuta waliyoyatoa kwenye seli nyekundu za damu. Hesabu yao ilionyesha kwamba utando huo ungezifunika seli hizo mara mbili. Wakahitimisha kuwa utando unaoizunguka seli ni tabaka mbili za mafuta, na baiolojia imelijenga somo la seli juu ya hitimisho hilo.

Kisha ikaja zamu ya mapafu. Vifuko vidogo vya hewa vilivyomo mapafuni vimelowa kwa ndani, na uso wa unyevu huo hujikaza, ukitaka kuvifumba kila tunapotoa pumzi. Kinachotuokoa ni mafuta maalumu yanayotengenezwa na mapafu yenyewe, ambayo huulegeza uso huo. Mwaka 1957 John Clements wa Marekani aliupima ulegezaji huo kwa njia ile ile ya kuubana uso na kuuachia. Mwaka 1959 watafiti Mary Ellen Avery na Jere Mead wakaonyesha kwamba watoto njiti waliokufa kwa kushindwa kupumua walipungukiwa na mafuta hayo, kwani hutengenezwa kwa wingi katika wiki za mwisho za ujauzito. Patrick, mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani, alikufa kwa ugonjwa huo mwaka 1963 bila kufikisha siku mbili. Mwaka 1980 daktari Fujiwara wa Japani akaeleza jinsi watoto 10 walivyopata nafuu baada ya kutiwa mapafuni mafuta yaliyotokana na mapafu ya ng'ombe.

Langmuir alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1932. Mwaka huo huo chuo cha ufundi cha Braunschweig kilimtunuku Agnes, akiwa na umri wa miaka 70, udaktari wa heshima. Alifariki mwaka 1935. Chombo chake kingali kinatumika maabarani, na kinaitwa kwa jina la Langmuir.